Volti ya betri

Volti ya betri ni kipimo cha msukumo wa umeme kati ya ncha chanya na ncha hasi za betri. Ndicho kipimo cha kwanza kuangaliwa wakati wa kuchagua betri ya tochi, redio, taa, pikipiki au mfumo wa umeme wa jua, kwa sababu kifaa kilichotengenezwa kwa volti fulani hakifanyi kazi vizuri kwa volti nyingine. Volti ikipungua, kifaa huwaka hafifu au hakiwaki kabisa. Ikizidi, kifaa huungua, na mara nyingine betri yenyewe huvimba au kushika moto.

Volti haionyeshi ukubwa wa akiba ya umeme iliyomo ndani ya betri. Betri ndogo ya pikipiki na betri kubwa ya sola zinaweza kuwa zote za volti 12, ingawa moja huwasha taa kwa saa chache na nyingine kwa siku kadhaa. Akiba hupimwa kwa ampea-saa. Kuchanganya vipimo hivi viwili husababisha hasara kubwa mahali ambapo betri ndiyo chanzo kikuu cha umeme wa nyumbani, kama ilivyo kwa nyumba nyingi zilizo mbali na nyaya za gridi katika wilaya za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, Tanzania.

## Maana ya volti, ampea na wati

Jina la volti linatokana na Alessandro Volta (1745–1827), mwanafizikia wa Italia aliyetangaza betri yake ya kwanza mwaka 1800. Betri hiyo ilikuwa rundo la vipande vya zinki na shaba au fedha, vilivyotenganishwa na vitambaa vilivyolowa maji ya chumvi.

Walimu wa fizikia hupenda kulinganisha umeme na maji ya bomba. Volti ni kama kimo cha tangi: tangi likiwekwa juu zaidi, maji husukumwa kwa nguvu zaidi. Ampea ni wingi wa maji yanayopita kwenye bomba kwa wakati mmoja. Ampea-saa ni ujazo wa tangi lenyewe. Tangi dogo lililo juu na tangi kubwa lililo juu vilevile yana msukumo sawa, lakini dogo hukauka mapema.

Vipimo hivi huunganishwa na kanuni mbili:

- Wati = volti × ampea. Taa ya wati 12 kwenye betri ya volti 12 hutumia ampea 1.
- Ampea = volti ÷ ukinzani. Hii ni Sheria ya Ohm, iliyochapishwa na Georg Ohm wa Ujerumani mwaka 1827.

Kutokana na kanuni ya pili, betri hailazimishi ampea zake zote ziingie kwenye kifaa. Kifaa huchukua kiasi kinachotokana na ukinzani wake na volti iliyopo. Kwa hiyo redio ya volti 12 haiungui kwa kuunganishwa na betri ya ampea-saa 100 badala ya 50, bali huungua ikiunganishwa na betri ya volti 24.

## Aina za betri na volti zake

Sehemu moja ya betri huitwa seli. Volti ya seli hutokana na kemikali zilizomo, wala si ukubwa wake. Ndiyo maana betri kavu kubwa ya tochi na betri kavu nyembamba ya saa ya ukutani zote zina volti 1.5.

| Aina ya seli | Volti ya kawaida | Ikijaa | Isishuke chini ya |
|---|---|---|---|
| Betri kavu ya zinki na kaboni, au alkalini | 1.5 | kama 1.6 | haichajiwi |
| Nikeli inayochajiwa | 1.2 | kama 1.4 | 1.0 |
| Risasi na asidi | 2.0 | 2.1 | kama 1.95 ikiwa imepumzika |
| Lithiamu-ioni (ya simu) | 3.6 au 3.7 | 4.2 | kama 3.0 |
| Lithiamu-fosfati ya chuma | 3.2 | 3.65 wakati wa kuchaji | 2.5 |

Seli zikiunganishwa kwa mfululizo, yaani chanya ya moja kwenye hasi ya nyingine, volti zake hujumlishwa. Zikiunganishwa sambamba, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, volti hubaki ileile na ampea-saa hujumlishwa. Betri ya gari ya volti 12 ni seli 6 za risasi zilizopangwa kwa mfululizo. Betri ya lithiamu-fosfati inayouzwa kama ya volti 12 ina seli 4, na volti yake hasa ni 12.8.

Betri ya risasi ilibuniwa na Gaston Planté wa Ufaransa mwaka 1859. Betri za lithiamu-ioni zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019 kwa kazi yao juu ya betri hizo.

## Betri katika Kasulu na Kibondo

Kasulu na Kibondo ziko kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, karibu na mpaka wa Burundi. Wenyeji wengi ni Waha, na wengi ni wakulima wa maharage, mahindi, mihogo, migomba na kahawa. Kwa miaka mingi miji hiyo ilipata umeme kutoka kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO, bila kuunganishwa na gridi ya taifa. Gridi ilifika mapema katika miaka ya 2020. Hata baada ya hapo, nyumba zilizo mbali na nguzo ziliendelea kutegemea betri.

Historia ya betri vijijini ilianza na tochi na redio. Katika miaka ya 1970 serikali ya Tanzania iliendesha kampeni za elimu kwa njia ya redio, zikiwemo Mtu ni Afya (1973) na Chakula ni Uhai (1975), ambapo wanakijiji walikusanyika katika vikundi kusikiliza vipindi. Redio za wakati huo zilitumia betri kavu za volti 1.5: tatu kwa volti 4.5, nne kwa volti 6, au sita kwa volti 9. Mahesabu yalikuwa rahisi, kwa kuwa kisanduku cha redio kilikubali idadi moja tu ya betri.

Baadaye zilikuja betri za gari, zilizobebwa hadi mjini kuchajiwa na kurudishwa kijijini kuwasha redio au televisheni. Simu za mkononi ziliongeza haja ya umeme, na paneli za sola zilipopungua bei, betri ilianza kuchajiwa nyumbani. Siku hizi nyumba moja inaweza kuwa na taa ya sola ya volti 3.2, simu ya volti 3.7, chaja ya volti 5, pikipiki ya volti 12 na betri ya sola ya volti 12. Vinyozi wa vituoni hutumia mashine za volti 12 au huweka inveta ya kutoa volti 230. Malori yanayosomba mazao yana volti 24.

Kambi za wakimbizi nazo hutumia betri nyingi. Nyarugusu, iliyoko Wilaya ya Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Nduta, iliyoko Wilaya ya Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi. Katika kambi hizo taa ndogo za sola hutumika kwa mwanga wa usiku na kwa wanafunzi kujisomea.

Kwa mkulima anayepata fedha mara moja au mbili kwa mwaka baada ya kuuza mavuno, betri ya sola ni ununuzi mkubwa. Ikifa kabla ya msimu mwingine, nyumba hurudi gizani na fedha nyingine haipo. Kuchagua volti ipasavyo, na kuilinda baada ya kununua, ndiko kunakoamua kama betri itadumu miezi michache au miaka kadhaa.

## Namna ya kuchagua

### Kusoma kibandiko cha kifaa

Karibu kila kifaa kina kibandiko au maandishi yaliyochongwa mgongoni, karibu na tundu la waya wa umeme. Herufi V husimama kwa volti, A kwa ampea, W kwa wati. Mstari ulionyooka wenye vidoti chini yake huonyesha umeme wa mkondo mnyoofu, yaani wa betri. Alama ya wimbi huonyesha umeme wa mkondo geu, yaani wa ukutani. Umeme wa ukutani nchini Tanzania ni volti 230.

Vifaa vingine huandikwa volti za kati ya kiwango na kiwango, kwa mfano 10–15 V au 12–24 V. Maandishi hayo ni muhimu, kwa sababu betri ya volti 12 haikai kwenye 12 kamili. Hupanda hadi karibu 14.4 inapochajiwa na hushuka chini ya 12 inapokaribia kwisha. Taa au redio isiyovumilia 14.4 huweza kuungua mchana, jua likiwa kali, ingawa usiku iliwaka vizuri.

### Kutambua aina ya seli

Volti zinazokaribiana hazitoshi kuthibitisha kwamba betri mbili zinabadilishana nafasi. Mfano unaokutana na mafundi mara nyingi ni taa ndogo ya sola iliyokufa betri. Taa nyingi za namna hiyo hutumia seli ya lithiamu-fosfati ya volti 3.2. Fundi akiweka seli ya lithiamu-ioni ya volti 3.7 ya umbo lilelile, kidhibiti cha taa husimamisha chaji kwenye volti 3.65 hivi, na seli haijai. Taa huwaka kwa muda mfupi, na mwenye taa hudhani ameuziwa betri mbovu.

Kinyume chake ni hatari zaidi. Seli ya volti 3.2 ikiwekwa kwenye kifaa kinachochaji hadi 4.2, seli huchajiwa kupita kiasi, hupata joto, hutoa gesi na kuharibika. Seli hizi mbili huweza kufanana kabisa kwa macho. Zote hupatikana katika umbo la 18650, namba inayomaanisha kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kinachozitofautisha ni maandishi ya volti kwenye ganda lake.

Betri za nikeli za volti 1.2 huweza kutumika badala ya betri kavu za 1.5 katika vifaa vingi, kwa kuwa betri kavu hushuka hadi 1.2 haraka inapotumika. Hata hivyo, kifaa kinachohitaji seli nyingi huweza kulegea: seli nane za nikeli hutoa volti 9.6, na si 12.

### Kuchagua kati ya volti 12, 24 na 48

Kwa mfumo wa sola wa nyumbani, swali hujibiwa na wati za vifaa vitakavyowaka kwa pamoja na umbali wa waya. Kwa jumla, volti 12 zinatosha kwa taa, redio, simu na televisheni ndogo. Mfumo unaokaribia au kupita wati 1,000, kama wa shule, zahanati au duka lenye friji, huhitaji volti 24. Mifumo mikubwa zaidi ya wati 3,000 hivi hufungwa kwa volti 48.

Sababu ni ampea. Inveta inayotoa wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 83 kutoka kwa betri ya volti 12. Kwa volti 24 huvuta nusu yake, na kwa volti 48 robo. Ampea nyingi huhitaji waya mnene na ghali, na viungo vilivyolegea hupata moto haraka.

Hesabu ya waya huonyesha tofauti hiyo. Tuseme televisheni na taa za jumla ya wati 60 ziko mita 10 kutoka kwenye betri, na waya wa shaba ni wa milimita 1.5 za mraba. Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya ni mita 20, na ukinzani wake ni karibu omu 0.23.

- Kwa volti 12: mkondo ni ampea 5. Zinapotea karibu volti 1.2 njiani, yaani asilimia 10.
- Kwa volti 24: mkondo ni ampea 2.5. Zinapotea karibu volti 0.6, yaani asilimia 2.4.

Betri ya volti 12 iliyobaki na 12.1 itafikisha 10.9 tu mwisho wa waya huo, na televisheni inaweza kuzima ingawa betri bado ina akiba. Tiba yake ni kusogeza betri karibu na vifaa au kutumia waya mnene zaidi. Kununua betri kubwa zaidi hakusaidii.

### Kulinganisha na paneli na kontrola

Paneli inayoitwa ya volti 12 huwa na seli 36 na hutoa volti 17 hadi 18 inapofanya kazi kwenye jua kali. Ikipimwa bila kuunganishwa na kitu, husoma kama 21 au 22. Hilo si kosa. Lazima paneli izidi betri ili umeme uingie, na kontrola ya chaji hukaa katikati kuzuia usizidi.

Kuunganisha paneli moja kwa moja na betri bila kontrola huua betri ya risasi kwa kuchemsha maji yake, na kwa betri ya lithiamu ni hatari ya moto. Paneli kubwa za seli 60, zenye volti kama 30, hazifai kwa betri ya volti 12 zikitumiwa na kontrola ya kawaida. Paneli ya wati 300 yenye volti 30 na ampea 10 huingiza ampea 10 zilezile kwenye betri ya volti 13, yaani wati 130 tu. Kontrola ya aina ya MPPT hubadilisha volti zinazozidi kuwa ampea, na hupunguza sana upotevu huo.

Kontrola nyingi zina sehemu ya kuchagua aina ya betri. Iliyowekwa kwa betri ya risasi haifai kwa lithiamu mpaka ibadilishwe.

## Mfano wa hesabu ya nyumba moja

Nyumba ina taa 4 za LED za wati 5 zinazowaka saa 4, redio ya wati 5 inayotumika saa 6, na simu 2 zinazohitaji wati-saa 15 kila moja.

- Taa: 4 × 5 × 4 = wati-saa 80
- Redio: 5 × 6 = wati-saa 30
- Simu: 2 × 15 = wati-saa 30
- Jumla kwa siku: wati-saa 140

Kwa volti 12, matumizi ni 140 ÷ 12, yaani ampea-saa 11.7 kwa siku. Katika nyanda za Kigoma mvua hunyesha takriban kuanzia Oktoba au Novemba hadi Mei, na siku mbili za mawingu kufuatana si jambo geni. Akiba ya siku mbili ni ampea-saa 23.4. Betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo inayohitajika ni ya ampea-saa 47 hivi.

Madukani betri za risasi hutajwa kwa majina kama N50, N70, N100 na N200. Namba hizo hukaribia ampea-saa, si volti. Zote ni za volti 12. Nyumba ya mfano huu inatoshelezwa na N50. Ikiongeza televisheni ya wati 30 kwa saa 4 kila siku, matumizi hufika wati-saa 260, na betri inayohitajika hukaribia ampea-saa 87, yaani N100. Volti inabaki 12 katika hali zote mbili.

Kwa lithiamu-fosfati ya volti 12.8, inayoweza kutumiwa hadi asilimia 80, nyumba ya kwanza huhitaji ampea-saa 27 tu. Bei yake ya kununua huwa juu zaidi, lakini huvumilia kujazwa na kutumiwa mara nyingi zaidi.

Betri za kuwashia gari hazikutengenezwa kwa kazi ya sola. Vibao vyake vyembamba hutoa ampea nyingi kwa sekunde chache, na huharibika vikimalizwa chaji kila usiku. Betri za sola za risasi zina vibao vinene.

## Kupima kwa mita

Betri ya risasi ya volti 12 hupimwa ikiwa imepumzika saa kadhaa, bila kuchajiwa wala kutumika. Muda mzuri ni alfajiri kabla jua halijapiga paneli, taa zote zikiwa zimezimwa.

- 12.6 hadi 12.7: imejaa
- 12.4: karibu robo tatu
- 12.1 hadi 12.2: nusu
- 11.9 au chini: imekwisha na inadhurika

Betri inayosoma 12.6 lakini hushuka mara moja hadi 11 taa moja inapowashwa imechoka au ina seli mbovu. Inayosoma kama 10.5 muda wote, hata baada ya kuchajiwa, huenda imepoteza seli moja kati ya sita. Kwa lithiamu-fosfati, mita husaidia kidogo, kwa sababu volti yake hubaki karibu ileile mpaka inapokaribia kwisha.

Asubuhi za baridi za Juni na Julai betri ya risasi huhitaji volti ya kuchaji iliyo juu kidogo kuliko wakati wa joto. Kontrola nzuri hurekebisha hilo yenyewe.

## Makosa ya kawaida

Kuchanganya betri mpya na kuukuu. Katika tochi au redio, seli iliyochoka hufika sifuri kabla ya nyingine, kisha hulazimishwa kinyume na huvuja. Majimaji yake hula vyuma vya kifaa.

Kuanika betri kavu juani. Joto huamsha kidogo kemikali zilizobaki, na redio huimba kwa muda. Betri haikuchajiwa. Joto pia huongeza uvujaji.

Kuchukua volti 12 kwenye lori la volti 24. Lori huwa na betri mbili za volti 12 kwa mfululizo. Baadhi ya madereva huunganisha redio kwenye betri moja tu. Betri hiyo hupungua kuliko mwenzake, chaji ya lori haiwezi kuzisawazisha, na baada ya muda zote mbili huharibika. Njia sahihi ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12.

Kuchaji simu moja kwa moja kutoka kwa betri. Chaja ya kawaida ya simu hutoa volti 5. Chaja ya gari hushusha 12 hadi 5. Waya zilizochomekwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 6 au 12 hupita kidhibiti hicho na huweza kuunguza simu.

Kuondoa kontrola au kuruka ulinzi wake. Kontrola inapozima taa usiku, hufanya hivyo ili kuokoa betri. Anayeunganisha taa moja kwa moja kwenye betri hupata mwanga wa usiku mmoja na kupunguza maisha ya betri yote.

Kugeuza ncha. Nyekundu ni chanya na nyeusi ni hasi. Kugeuza kwa sekunde moja kunatosha kuua kontrola au inveta isiyo na fyuzi.

## Sigara za elektroniki na vifaa vya ukinzani mdogo

Sigara za elektroniki ni mfano wa kifaa ambacho kosa dogo la volti huleta madhara makubwa. Ndani yake kuna waya wa ukinzani mdogo unaopata moto na kugeuza kimiminika, ambacho kwa kawaida huwa na nikotini, kuwa mvuke. Wati za joto hupatikana kwa kuzidisha volti kwa zenyewe na kugawanya kwa ukinzani.

Kwa waya wa omu 1, seli ya volti 3.7 hutoa wati 13.7. Seli hiyohiyo ikiwa imejaa volti 4.2 hutoa wati 17.6. Seli mbili zilizojaa kwa mfululizo hutoa volti 8.4 na wati zaidi ya 70. Volti zimeongezeka mara mbili, joto limeongezeka mara nne. Joto likizidi, waya huungua na kimiminika hutoa kemikali zenye sumu, zikiwemo za jamii ya aldehaidi. Nikotini yenyewe huleta uraibu kwa volti yoyote. Uganda ilipiga marufuku sigara za elektroniki katika sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015.

Seli za 18650 zinazotumiwa katika baadhi ya vifaa hivyo ni za aina ileile inayopatikana kwenye tochi na kompyuta mpakato. Zikiwekwa mfukoni pamoja na funguo au sarafu, vyuma huunganisha ncha mbili, shoti hutokea na seli huweza kuwaka moto. Hubebwa ndani ya kisanduku cha plastiki.

## Usalama na betri zilizokwisha

Betri ya risasi inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni inayolipuka ikikutana na cheche, kwa hiyo huwekwa mahali penye hewa, mbali na jiko na kibatari. Maji yake ni asidi ya salfa, na huongezwa maji yaliyotoneshwa tu, si ya kisima. Fyuzi hufungwa karibu na ncha chanya. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena wala kutobolewa.

Risasi ni sumu, hasa kwa watoto wadogo, ambao huathirika ubongo. Katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, Kenya, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu ya risasi. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamua walipwe fidia. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza madai hayo, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015.

Kwa sababu hiyo betri kuukuu haivunjwi nyumbani ili kutoa risasi ya nyavu au ya kuuza, na maji yake hayamwagwi shambani wala karibu na kisima. Hurudishwa nzima kwa muuzaji anayepokea betri kuukuu. Betri iliyochaguliwa kwa volti na ukubwa unaofaa huchelewa kufika hatua hiyo.

## Tazama pia

- Betri
- Sheria ya Ohm
- Nishati ya jua
- Wilaya ya Kasulu
- Wilaya ya Kibondo